Kutoka Pumzi hadi Selimundu: Historia ya Istilahi za Uhaba wa Oksijeni Mwilini

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili kilivyopata maneno ya kutajia hali moja ya mwili wa binadamu, yaani hali ya nyama ya mwili kukosa oksijeni ya kuitosha, na jinsi maneno hayo yanavyotusaidia au kutupotosha hivi leo. Wataalamu wa tiba huiita hali hiyo haipoksia. Si ugonjwa mmoja. Imo katika malaria kali, imo katika kiharusi na saratani, na imo vilevile katika kidonda kinachopona na katika kidonda kisichopona. Katika nchi yetu mfano wake ulio wazi ni ugonjwa wa selimundu, ambao kwao inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nchini Tanzania kila mwaka.

Ili msomaji aone kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tushughulikao na lugha, na si madaktari peke yao, tuchukue mfano wa kata ya Mitole, wilayani Kilwa, katika mkoa wa Lindi. Mitole iko upande wa bara wa Kilwa Kivinje, katika nyanda za chini za pwani. Hewa ya mahali kama hapo ina oksijeni sehemu 21 hivi katika kila sehemu 100, na kanieneo yake, yaani mgandamizo wake, haitofautiani sana na ile ya ufukoni. Mtu akipanda kilele cha Kilimanjaro, chenye urefu wa mita 5,895, zile sehemu 21 hazibadiliki, ila kanieneo ya hewa hupungua hata ikakaribia nusu, na hapo ndipo mpandaji anapotweta. Mtoto wa Mitole hana shida ya namna hiyo. Lakini akiwa ana selimundu, ingawa hewa aivutayo ni kamili na mapafu yake ni mazima, nyama na mifupa yake huweza kukosa oksijeni hata akalia kwa maumivu usiku kucha.

Sasa mama wa mtoto huyo aambiwe nini? Akiambiwa kuwa mtoto wake “amepungukiwa hewa”, atafungua madirisha. Akiambiwa kuwa “amepungukiwa damu”, atatafuta mchicha na maini. Hayo hayana ubaya, lakini hakuna hata neno moja kati ya hayo linalomwongoza mama kumpa mtoto maji mengi ya kunywa, kumkinga na baridi na malaria, na kumpeleka kituo cha afya mara tu apatapo homa. Ni dhahiri basi kwamba istilahi isiyotaja mahali penyewe penye uhaba humpeleka msikilizaji mahali pengine. Hilo ndilo tunalotaka kulithibitisha kwa njia ya historia.

Maneno tuliyoyarithi

Kiswahili hakikungoja sayansi ya kisasa ili kitaje kupumua na kukosa pumzi. Neno pumzi ni la ukoo mmoja na pumua, pumu na pumzika, na ukoo huo wenyewe ni ushahidi wa fikra: kupumzika ni kurudisha pumzi. Tuna kuhema, tuna kutweta, tuna kukata roho. Wazamiaji wa pwani, wafuatao pweza na majongoo bahari, husema kubana pumzi. Neno hewa lilitujia kutoka Kiarabu, likashika maana pana: anga lituzungukalo, upepo uvumao, na hata hali ya nchi, kama tusemapo kwamba mahali fulani pana hewa nzuri.

Upande wa maradhi, wazee walikuwa na majina yaliyotungwa kwa umakini wa macho. Safura lilikuwa na lingali jina la hali ya mtu kunyong’onyea na kupauka, na kutokana nalo tumepata minyoo ya safura, yaani ile ifyonzayo damu tumboni. Degedege lilitaja mtukutiko wa mtoto mwenye homa kali, ambao mara nyingi ni dalili ya malaria iliyopanda kichwani. Donda ndugu lilitaja kidonda kisichokubali kufunga, kinachokula nyama badala ya kuiotesha.

Tukiyatazama maneno haya kwa pamoja, tunaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba yote yanataja kile ambacho jicho, sikio au mkono uliweza kukipata: pumzi inasikika, rangi ya kiganja inaonekana, kidonda kinanuka. La pili ni kwamba yanauweka upungufu mahali pawili tu, ama katika hewa iingiayo kifuani, ama katika wingi wa damu. Mahali pa tatu, yaani ndani ya nyama yenyewe, palikuwa hapana jina, kwa sababu hapakuwa na chombo cha kupaona. Hatuwezi kuwalaumu wazee kwa hilo, maana hata Ulaya ya karne ya 18 haikuwa na jina lake.

Oksijeni: jina lililozaliwa na kosa

Mwaka 1774 Mwingereza Joseph Priestley alipata, kwa kuipasha moto oksidi ya zebaki, gesi ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa nguvu ya ajabu. Msweden Carl Wilhelm Scheele alikuwa ameipata kabla yake, ila habari zake zilichelewa kuchapishwa. Mfaransa Antoine Lavoisier ndiye aliyeipa gesi hiyo jina linalotumika hadi leo, mwaka 1777, kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya “kizaacho ukali”, kwa kuwa aliamini kwamba gesi hiyo ndiyo asili ya asidi zote. Imani hiyo ilikuwa kosa. Mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kwamba asidi kali itokanayo na chumvi haina oksijeni hata chembe. Hata hivyo jina lilikwisha kuenea, likabaki.

Hapa pana funzo kubwa kwa mtunzi wa istilahi. Wajerumani hawakulichukua jina la Lavoisier kwa sauti yake. Walilitafsiri, wakaiita gesi hiyo kitu cha ukali, na kwa hiyo wamelitafsiri na kosa lake pia, nalo linasomeka wazi katika lugha yao hadi leo. Kiswahili kilipochukua oksijeni kwa matamshi tu, kilichukua sauti bila ya dhana iliyokosewa. Kwa mwanafunzi wetu neno hilo halisemi lolote juu ya ukali au asidi, na huko kutosema ni faida. Wale wanaodai kwamba kila neno la kigeni lapasa kufasiriwa kwa mzizi wa Kibantu wangefanya vyema kuukumbuka mfano huu. Kabla ya kufasiri jina, na tuulize kwanza kama jina lenyewe linasema kweli.

Oksijeni haikuingia katika Kiswahili mara moja. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930, ilishughulika zaidi na tahajia, sarufi, kamusi na vitabu vya shule. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilirithi kazi hiyo mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka uleule ambao Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali. Tangu hapo haja ya istilahi za sayansi ilizidi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ilitoka mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba ilifuata mwaka 2003.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, walimu wengi walitosheka kusema “hewa safi” kwa oksijeni na “hewa chafu” kwa ile tuitoayo. Maneno hayo yalifaa katika usafi wa nyumba, lakini yaliacha wazo kwamba oksijeni ni suala la usafi. Hewa chafu siku hizi imepata jina la hewa ukaa, na jina hilo linasikika hata vijijini kwa sababu ya biashara ya kuhifadhi misitu. Neno gesi nalo lina historia yake katika pwani hii. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, katika kisiwa cha wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, ikaanza kutumika Dar es Salaam kwa kuzalisha umeme mwaka 2004. Kwa mkazi wa Kilwa, basi, gesi ni ile ya Songo Songo au ile ya mtungi wa jikoni, na mwuguzi asemaye “mgonjwa awekewe gesi” anaweza kuwatia jamaa hofu bila ya sababu. Tangu mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipoenea duniani, neno oksijeni lilitoka katika vitabu vya shule likaingia katika mazungumzo ya kila siku. Kwa hiyo hatuna tena udhuru wa kulikwepa.

Seli na jamaa zake

Neno la pili tunalolihitaji ni seli. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama ganda la mti kwa hadubini, akaona vijumba vingi vilivyopangana, akaviita kwa neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Neno hilo la Kiingereza limetufikia kwa milango mitatu, na kila mlango umetoa neno lake. Chama cha TANU kilipopanga wanachama wake kwa nyumba kumi kumi, katika miaka ya mwanzo baada ya Uhuru, kikundi hicho kiliitwa shina, na kiongozi wake mjumbe au balozi. Chumba cha mahabusu kikaitwa selo. Katika biolojia tukapata seli. Huu ni utaratibu mzuri: lugha ya kigeni ina neno moja lenye mizigo mitatu, nasi tumeigawa mizigo hiyo kwa wapagazi watatu.

Lakini seli ina mshindani, nalo ni chembe. Wengi husema chembe hai, na katika zahanati nyingi tunasikia chembechembe nyekundu za damu. Hatusemi kuwa ni makosa. Chembe ni neno zuri la Kiswahili na linaeleweka upesi. Udhaifu wake ni kwamba chembe ya mchele au ya mchanga ni kitu kigumu kisicho na ndani. Haina ukuta, haina kiini, haipokei habari wala haitoi. Alimradi tunahesabu damu, chembechembe zinatosha. Tukifika kwenye suala la namna sehemu moja ya mwili inavyoiarifu nyingine kwamba oksijeni imekuwa haba, chembe haitufai tena, na hapana budi tuseme seli.

Selimundu: jina la umbo na jina la sababu

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye seli nyekundu za damu yake zilionekana chini ya hadubini zikiwa zimepinda kama mundu. Ugonjwa ukapewa jina kwa umbo hilo. Jina la Kiswahili, selimundu, limefuata njia hiyohiyo, na kwa upande wa muundo ni jina lililotungwa kwa kanuni zetu wenyewe. Linatanguliza kitu chenyewe, kisha linataja mfano wake, kama tusemavyo batamzinga. Umbo la siko seli, linalosikika sana mijini, limeyachukua maneno ya kigeni pamoja na mpangilio wake wa kigeni, sifa ikitangulia kitu. Mkulima ajuaye mundu akisikia selimundu atapata picha. Akisikia siko seli hapati kitu.

Hata hivyo tukumbuke kwamba jina hili linataja umbo, halitaji sababu. Sababu ilichukua miaka mingine kupatikana. Mwaka 1927 watafiti wawili wa Marekani, Hahn na Gillespie, walionyesha kwamba seli hizo hupinda pale oksijeni inapopungua, na kwamba nyingi zaweza kurudia umbo lao oksijeni irejeapo. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walithibitisha kwamba kasoro iko katika himoglobini yenyewe, yaani protini ibebayo oksijeni katika damu, wakauita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1956 Vernon Ingram alionyesha kwamba himoglobini hiyo inatofautiana na ya kawaida katika sehemu ndogo tu, na baadaye ikathibitika kuwa ni asidi amino moja iliyobadilishwa na nyingine.

Afrika ya Mashariki ina sehemu yake katika historia hii. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alianza mwaka 1949 kuchukua sampuli za damu katika sehemu mbalimbali za Kenya. Aliona kwamba watu wenye urithi wa selimundu kutoka kwa mzazi mmoja walikuwa wengi katika pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: urithi wa mzazi mmoja humkinga mtoto kwa kiasi fulani na malaria kali, na kwa hiyo urithi huo umedumu palipo na malaria nyingi. Pwani ya Kilwa na Lindi ni nchi ya malaria tangu kale. Ni lazima basi mfasiri apambanue kati ya mbebaji, aliyerithi kwa mzazi mmoja na ambaye kwa kawaida haugui, na mgonjwa, aliyerithi kwa wazazi wote wawili. Wote wawili wakiitwa “wenye selimundu”, mbebaji atatiwa hofu asiyostahili, na pengine ndoa itavunjika kwa sababu ya neno.

Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili utafiti mkubwa wa ugonjwa huu ulianza mwaka 2004, ukiongozwa na Julie Makani, ambaye mwaka 2011 alitunukiwa tuzo ya Royal Society ya Uingereza kwa kazi hiyo. Kwa hiyo elimu ya selimundu si elimu ya kuagizia kutoka ng’ambo peke yake. Inazalishwa hapa, na inastahili kusemwa kwa lugha ya hapa. Tukumbuke kwamba kampeni kubwa ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wazima wapatao milioni mbili kwa redio na vikundi vya kusikiliza, ilifundisha kwa Kiswahili juu ya malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Maneno ya maradhi hayo yalitulia katika vinywa vya watu kwa sababu yalisemwa mara nyingi na kwa namna moja. Selimundu haikupata bahati hiyo wakati ule.

Uhaba kama ishara

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba kukosa oksijeni ni hasara tupu, kama taa ikosayo mafuta. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha jambo jingine: seli huutambua uhaba huo, na kuutambua kwake hubadili kazi zake. Wataalamu watatu, Gregg Semenza na William Kaelin wa Marekani pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019 kwa kueleza jinsi hilo linavyotendeka. Kazi yenyewe ilifanywa tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na kiungo chake kikuu kilipatikana mwaka 2001.

Kwa ufupi, seli hutengeneza wakati wote protini ambayo wataalamu huiita kwa kifupi HIF. Oksijeni ikiwa tele, hutumika kuitia protini hiyo alama ya kikemia. Protini nyingine, iitwayo VHL kwa herufi za majina ya madaktari von Hippel na Lindau, huitambua alama hiyo, na HIF huvunjwavunjwa mara moja. Oksijeni ikiwa haba, alama haitiwi, na HIF husalimika. Huingia katika kiini cha seli na kuziamsha jeni nyingi. Katika figo huamshwa utengenezaji wa eritropoietini, ambayo husafiri kwa damu hadi kwenye uboho wa mifupa na kuuamuru utengeneze seli nyekundu zaidi. Kwingineko huamshwa protini ziitazo mishipa mipya ya damu, na njia za seli kupata nguvu kwa kutumia oksijeni kidogo.

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa mjumbe. Ni kana kwamba kila saa mjumbe hutumwa, na kila saa huzuiwa mlangoni kwa sababu mambo ni shwari. Siku mlinda mlango asipopata kitu cha kumzuilia, mjumbe hupita, na mji mzima huamka. Kwa hiyo si sahihi kwa mfasiri kuandika kwamba “oksijeni ndogo huamsha HIF”, kana kwamba uhaba ni mkono unaogonga mlango. Kiswahili kina njia bora za kusema jambo hili: oksijeni ikosekanapo, HIF huachwa hai. Kitenzi cha kuacha, katika hali ya kutendwa, kinaubeba ukweli wa kisayansi kuliko kitenzi cha kuamsha.

Tuliite vipi tendo lenyewe la seli kupashana habari? Maneno manne yanagombania nafasi hii: dalili, alama, habari na ishara. Dalili imekwisha kushikwa na matabibu kwa maana ya kile mgonjwa anachokihisi au kukionyesha, na haifai kubebeshwa maana ya pili. Alama inahitajika, kama tulivyoona, kwa kile kinachotiwa juu ya protini. Habari ni pana mno. Ishara ndiyo ifaayo, kwa kuwa ishara ina mtoaji, ina mpokeaji, na huwa na tendo baada yake. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo: mbiu si jambo lenyewe, wala haifai kuchanganywa nalo. Tunapendekeza basi upashanaji ishara wa seli kwa tendo hilo, na kipokezi kwa kile kiipokeacho ishara.

Ishara ileile katika maradhi na katika kupona

Jambo lililo gumu kwa mfasiri ni kwamba ishara hii moja hufanya kazi njema na kazi mbaya. Mtu ajikatapo kwa panga shambani, mishipa ya mahali hapo hukatika, na katikati ya kidonda oksijeni huwa haba. Uhaba huo ni sehemu ya mwanzo wa kupona: HIF husalimika, mishipa midogo huitwa, nyama changa nyekundu huota, na ngozi husogea kukifunika kidonda. Lakini uhaba ukizidi mno na kudumu, kidonda hukwama. Katika ugonjwa wa sukari, wingi wa sukari huidhoofisha HIF yenyewe, hivyo kwamba uhaba upo ila ishara haisikiki. Mgonjwa wa selimundu naye huweza kupata vidonda vya miguuni, karibu na vifundo, vinavyochukua miezi au miaka. Wazee waliosema donda ndugu waliuona mwisho wa jambo hili, na sasa tumeujua mwanzo wake.

Katika saratani, uvimbe ukuao upesi huishiwa na oksijeni katikati yake, nao huitumia ishara ileile kujiitia mishipa ya damu ya kuulisha. Watu waliorithi kasoro ya ile VHL hupata vivimbe katika figo na kwingineko, kwa sababu HIF yao haizuiwi hata oksijeni ikiwa tele. Katika malaria kali, seli zenye vijidudu hunata katika mishipa midogo ya ubongo, na nyama iliyo mbele yake hukosa oksijeni. Katika selimundu, kukwama na kufunguka kwa mishipa mara kwa mara huharibu wengu, mifupa na figo kidogo kidogo.

Kwa hiyo istilahi ya hali hii isibebe hukumu ndani yake. “Hewa mbaya” haifai, wala “sumu ya damu”. Hata neno upungufu lina uzito wa lawama, kwa maana kinachopungua kilipasa kuwapo. Mtoto aliye tumboni mwa mama yake huishi katika oksijeni kidogo kuliko sisi, na huo si ugonjwa. Kwa sababu hiyo tunapendelea uhaba, neno litajalo kiasi bila ya kusema kuwa ni kheri au shari.

Kadhalika ipambanuliwe kati ya kuota upya na kuziba. Kuota upya kwa tishu ni pale nyama ya aina ileile inaporudi ikafanya kazi yake ya zamani, kama ini lifanyavyo baada ya kukatwa sehemu. Kuziba ni pale pengo lijazwapo kwa kovu. Watu wetu wanasema kidonda kimeota nyama na kidonda kimeziba, na tofauti hiyo tayari imo vinywani mwao. Kazi yetu ni kuitunza.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunaona kuwa upungufu umehama kutoka kifuani hadi kwenye damu, kutoka kwenye damu hadi kwenye tishu, na kutoka tishu hadi ndani ya seli. Maneno yetu yaufuate katika safari hiyo. Tunapendekeza yafuatayo:

(a) Ukosefu wa hewa litumike pale tu ambapo hewa haifiki mapafuni, kama katika kuzama, kukabwa na pumu kali.

(b) Upungufu wa damu litumike pale ambapo himoglobini ni kidogo, kama katika safura.

(c) Uhaba wa oksijeni katika tishu litumike pale ambapo nyama yenyewe haipati oksijeni ya kuitosha, sababu iwayo yote. Haipoksia liwe jina lake katika maandishi ya wataalamu.

(d) Ishara, dalili na alama zisibadilishane nafasi.

(e) Seli itumike kila panapozungumzwa kupokea na kutoa ishara. Chembechembe ibaki katika maelezo ya kawaida ya damu.

(f) Selimundu itumike kwa ugonjwa, na mbebaji wa selimundu kwa aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja.

Istilahi hupimwa kwa sentensi, si kwa orodha. Katika Kilwa na Lindi, ambako mama wengi wanasikia Kiswahili juu ya Kimatumbi, Kingindo, Kimachinga au Kimwera, sentensi hiyo iwe fupi na kila neno lake liwe na kazi. Tunaona kwamba mwuguzi aweza kusema hivi: “Mama, hewa anayoivuta mwanao haina kasoro. Seli za damu yake hupinda kama mundu zikosapo oksijeni, hukwama katika mishipa midogo, na mifupa iliyo mbele haipati oksijeni, ndiyo maana inauma. Maji mengi huisaidia damu ipite. Baridi na homa huzikwamisha zaidi. Akipata homa, usingoje kesho.” Hapo hapana neno gumu isipokuwa seli na oksijeni, na yote mawili yamekwisha kupata uraia.

Walimu, wafasiri na watumishi wa afya walio na maneno mengine yanayotumika mahali pao kwa hali hizi wanaombwa wayalete, wakitaja mahali yasemwapo na maana yake kamili, ili yapimwe pamoja na haya.